Uniti za Luku zinaliwa na nani?

Umeme umenunuliwa Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Katika nyumba nyingi za Mwanza lawama huwaangukia watoto na televisheni. Tutazame kwingine. Taa ya wati 10 huwaka saa 100 ndipo imalize uniti moja. Birika la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa.

Ila kwa wauza samaki wetu wa Kirumba, na yeyote anayegandisha sato na maji ya kuuza, wa kwanza kuchunguzwa ni friza. Bana noti mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea, ubaridi unavuja na mashine hainyamazi usiku kucha. Vyombo vingine zima vyote, washa kimoja kimoja, ukiitazama taa nyekundu ya mita: ikipepesa haraka, umemkamata mlaji.

Kwa familia ya kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, upotevu huu ni mzito. Uniti 75 za kwanza za mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Inayozidi hapo, 350. Friza yenye mpira mbovu inatosha kuivusha familia mstari huo.