Majina ya Watoto wa Wanyama na Makundi Yao: Orodha au Kazi?



Mwanafunzi wa hapa Gongoni, Tabora, atakuimbia bila kukwama kwamba mtoto wa simba ni shibli na wa sungura ni kitungule. Mwulize ng'ombe jike ambaye hajazaa anaitwaje, atakutazama tu. Shibli ni neno la Kiarabu. Mwindaji wa misitu yetu husema "mtoto wa simba" na anaeleweka. Kitungule nalo, huko Mombasa, limetumika kwa sungura mwenyewe, awe mkubwa au mdogo. Sisi walimu wa Kiswahili tunawakaririsha watoto maneno ya mtihani.

Ninavyoona mimi, mtoto wa mnyama hupata jina lake pale watu wanapomtendea tofauti na mzazi wake. (Kiluwiluwi hafugwi na mtu, lakini nani angemwita chura?)

Chukueni nzige. Bonde la Malagarasi na mbuga za Wembere ni miongoni mwa mazalio ya nzige wekundu. Baa lao lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi 1944, likasumbua nchi nyingi za Afrika, na mwaka 1949 kikaundwa chombo cha pamoja cha kupambana nao. Zama hizo tunutu, yaani nzige asiyeota mabawa, alichimbiwa mtaro, akaswagwa humo na kufukiwa. Akishaota mabawa mtaro haufai tena. Hapo ni nzige, kundi lake ni wingu, na mkulima amebaki na kupiga madebe. Mwenye shamba aliyesikia "tunutu" alijua bado ana nafasi ya kuliokoa.

Kwa nyuki, ambao Tabora inasifika kwao hata ikawa na Chuo cha Ufugaji Nyuki, mambo ni hayo hayo. Mrina asali hutenga sega la majana, yaani watoto wa nyuki, na sega la asali. Majana yakikamuliwa pamoja na asali, asali hiyo huchafuka na huchacha upesi, na kundi linakosa nyuki wa kesho. Bumba lililoning'inia tawini nalo lina maana yake: nyuki wamehama, wanatafuta makao, na mwenye mzinga mtupu ana bahati.

Ng'ombe sina haja ya kuwaeleza wana Tabora. Ndama, mtamba (yule jike ambaye hajazaa), fahali, maksai: anayepeleka mahari hawezi kuwachanganya, wala anayefunga plau.

Kuhusu makundi, Waingereza wana orodha ndefu ya madoido, mengi yakitoka katika kitabu cha uwindaji cha mabwana kilichochapwa St Albans mwaka 1486. Vitabu vyetu vya mazoezi navyo vimeanza kupenda madoido hayo. Sisi tuna msafara, neno lililotumiwa kwa wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na leo twasema msafara wa siafu kwa sababu siafu kweli huandamana.

Naomba basi tukubaliane hivi. Somo hili lianzie mzingani na zizini, kamusi ifuate baadaye. Swali la mtihani limwulize mtoto ni sega lipi lisikamuliwe, na kwa nini. Na maneno ya Kinyamwezi ambayo wafugaji wanayo na kamusi haina, tuyaandike pamoja na maana zake, tuyapeleke BAKITA.