Kipande Kimoja Kikikosekana: Amplifaya ya Kwanza ya Gitaa

Mazungumzo na wanavikundi, Liwatoni, Mombasa



Tumeombwa tuseme juu ya jambo dogo linalokwamisha kazi kubwa. Kikundi kimechanga pesa. Gitaa lipo, fundi kijana yupo, vipande karibu vyote vimenunuliwa. Halafu dukani waambiwa, "Hicho hakuna." Amplifaya yalala ndani ya boksi, na siku ya harambee iko mlangoni. Wengine hapo huvunjika moyo. Wengine hutia kipande chochote, moshi ukatoka, na jasho la wanachama likaenda. Sisi twasema iko njia ya tatu: kujua kazi ya kipande kabla ya kutafuta badala yake.

Tuchukue amplifaya ndogo inayotumia aisii ya TDA2003. Aisii hii iliundwa kwa redio za magari, kwa hiyo inafanya kazi kwa betri ya volti 12. Kijiji kisicho na stima chaweza kuitumia. Sasa tuangalie vipande vinavyokosekana.

1. Kapasita ya kwenda kwenye spika
Mchoro wataka maikrofaradi 1000, nawe umepata za 470 tu. Zifunge mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Utapata 940, na sikio halitajua tofauti.

Je, ikiwa unayo moja tu? Hapo tazama spika. Uzi mnene wa gitaa hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Kwa spika ya omu 4, kapasita moja ya 470 huanza kupunguza sauti karibu na mitetemo 85, basi besi yako itakonda. Lakini kwa spika ya omu 8 kapasita hiyo hiyo hushuka mpaka kama 42, na gitaa lote lapita. Utapoteza nguvu, yapata nusu, lakini kwa kufanyia mazoezi yatosha. Mwaona? Mara nyingine dawa ya kipande kilichokosekana iko kwenye kipande kingine.

2. Rezista ndogo
Mchoro wataka omu 2.2. Mbili za 4.7 zikifungwa sambamba ni 2.35. Mbili za omu 1 zikifuatana ni 2. Zote zafaa. Wati zikizidi si neno, zisipungue.

3. Transista na aisii
Hapa ndipo penye mtego. Ukiongeza transista ya kukuza sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye aisii, BC548 na 2N3904 zaweza kubadilishana katika kazi hiyo, lakini miguu ya pembeni imekaa kinyume. Ukiitia kama ile ya kwanza, haitafanya kazi inavyotakiwa. Na TDA2030 ina miguu mitano iliyopangwa kama ya TDA2003, ila kwa betri moja yahitaji rezista za ziada za kuupa mguu wa kuingizia sauti volti za katikati. Kuingia kwenye matundu si kufaa. Soma karatasi ya kipande, au muulize aliyetangulia. Kuuliza si ujinga.

Yasiyo na mjadala
Volti zilizoandikwa kwenye kapasita zaweza kuzidi, kamwe zisipungue. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika zaidi ya 14, kwa hiyo kwenye njia ya betri tia kapasita ya volti 25. Usiiunge TDA2003 kwenye betri za lori za volti 24, maana mwisho wake wa kufanyia kazi ni 18. Spika isiwe ya omu chache kuliko mchoro unavyosema. Na fyuzi, wenzetu, badala yake ni fyuzi ya kiasi kile kile, si uzi wa waya. Betri ya gari ikipigwa shoti yaweza kuchoma waya, meza na nyumba.

Vipande vya redio kuukuu ni mali, lakini huku kwetu ufuoni hewa ya chumvi hula miguu ya vipande. Kwangua mpaka chuma king'ae, pima kwa mita, ndipo utie solda. Kapasita iliyovimba tupa.

Msidhani kubadilisha ni kazi ya maskini tu. Mwaka 1962, London, duka la Jim Marshall lilitengeneza amplifaya kwa kufuata mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Walitumia vilivyopatikana Uingereza: spika za Celestion za inchi 12 badala ya Jensen za inchi 10, na baadaye valvu za KT66 badala ya 5881. Sauti haikuwa ile ile. Ilikuwa yao, na wapiga gitaa wakaipenda.

Basi, kila mnapobadilisha, andikeni kwenye daftari la kikundi: kipande gani kilitoka, kipi kiliingia, kwa nini. Fundi akihama, kazi isihame naye. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Ni nani katika kikundi chetu anayejua kupima kwa mita, na ni nani anayejifunza kwake?
2. Tuna redio kuukuu ngapi, na vipande gani vyaweza kutolewa?
3. Kabla ya kununua, je, tumeuliza kipande hiki kazi yake ni nini?