Saruji Mbili: Maneno Machache Juu ya Kuyahifadhi Majengo ya Kale





Kamati imenitaka niseme machache juu ya kazi niliyoifanya hapa Oman kabla ya kustaafu, nayo ni uangalizi wa majengo ya kale mikoani. Nimekubali kwa sababu kesho tutakaa kuamua juu ya nyumba yetu ya Malindi, Unguja.

Wengi hudhani kwamba jengo la kale huuawa na kusahauliwa. Huuawa pia na mapenzi. Itazameni Ngome ya Bahla, mwendo wa saa mbili kutoka hapa Maskati. Mwaka 1987 ilitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya kwanza kwa Oman; mwaka 1988 ikatiwa katika orodha ya mali zilizo hatarini. Kuta zake ni za matofali ya udongo, na kila msimu wa mvua vipande vilianguka. Lakini njia za matengenezo nazo zilionekana hazifai. Kazi ikageuzwa: udongo ukatengenezwa kwa udongo, maji yakapatiwa njia ya kutokea, na mwaka 2004 ngome ikatolewa katika orodha ile. Miaka 16.

Nami nina langu la kukiri. Nilipohamia huku nilikuwa mtu mzima, na neno saruji nilidhani nalijua. Kwetu ni simenti ya mifuko. Mafundi wa Oman wakisema saruji hukusudia udongo uliochomwa kwa moto wa magogo ya mitende, ukapondwa na kuchanganywa na chokaa. Ndio uliopiga lipu mifereji ya aflaji na mabirika ya ngome. Fundi mmoja mzee alitaka hiyo kwa mnara wa kijijini. Mkandarasi akaleta mifuko, nami nikatia saini. Mnara ulipendeza! Baada ya mvua za miaka michache maji yalinaswa nyuma ya ganda lile gumu, udongo ukalainika, na upande mmoja ukabanduka, kipande kikubwa kama mlango. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Sheria zipo, na ya karibuni ni ile ya Urithi wa Kitamaduni, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 35 ya mwaka 2019. Lakini sheria haipandi ngazi. Anayepanda ni mtumishi wa mkoani, anayezunguka kabla ya mvua na baada yake, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

Huko kwetu jukumu hilo ni la Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Nao mji umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mnalikumbuka Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki, nayo ilikuwa imo katika matengenezo yaliyogharamiwa na Serikali ya Oman. Fedha ilikuwepo.

Sasa, mpwa wangu mpenzi ameleta makadirio ya kumwaga zege juu na kupiga lipu ya simenti kuta zote kabla ya masika. Nia yake njema, na haraka yake naielewa: bibi yetu aishiye ghorofa ya juu amekwisha kuhamisha kitanda mara mbili kwa uvujaji. Hata hivyo naomba mchango wetu ukae kwa mshika fedha mpaka mkaguzi wa Mamlaka aione nyumba, kibali kitoke, na apatikane fundi wa chokaa. Huenda masika ikatupita. Kwa muda huo namwomba bibi akubali kushukia chumba cha chini. Nimemwandikia, na jawabu yake nitaisoma kesho, hata kama itakuwa ya kunigombeza.