Kuizuru Ngome ya Yesu, Mombasa



Kila mwaka watu wengi wa Meru na Embu husafiri kwenda Mombasa, wengine kwa kazi, wengine kwa arusi, na wengine kuwapeleka watoto wa shule waione bahari. Wafikapo husimama mbele ya Ngome ya Yesu, hupigwa picha karibu na mizinga, kisha huenda zao kunywa madafu. Madafu ni mazuri. Lakini mtu aliyetoka mlimani mwendo huo wote, akarudi na picha ya mzinga tu, amerudi na ganda na kiini amekiacha.

Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1593, ikamalizika 1596. Mfalme aliyetawala wakati huo ni Philip wa Pili, mwenye Hispania na Ureno pamoja, na aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Zama zile Ulaya ilikuwa katika mwamko mkubwa wa elimu na sanaa, na mafundi wa Italia waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili vimo katika mwili wa binadamu. Huko Florence elimu hiyo ilijenga majumba ya fahari ya matajiri. Mombasa ilitumika kwa vita. Na mtu akitazama ramani ya ngome ataona umbo linalokaribia kiwiliwili, mikono na miguu.

Mgeni asizipite haraka pembe nne zilizochomoza nje. Katika ngome za kale adui aliyefika chini ya mnara aliweza kujificha asionekane na walio juu. Mafundi wa Italia walizitoa pembe nje, ili askari wa pembe moja waweze kupiga sambamba na ukuta hadi pembe ya pili. Hapakubaki mahali pa kujibanza.

Lakini ukuta hauzuii kila kitu. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliingia akamwua kapiteni na kuitwaa ngome. Kisha, Machi 1696, Waarabu wa Oman waliizingira, na mazingiwa hayo yakadumu hata Desemba 1698. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Ilipofika mwisho wa Agosti 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha kufa, na ngome ya Mfalme wa Ureno ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, Waafrika wachache wanaume, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Walistahimili mpaka merikebu za msaada zilipofika kutoka Goa mwezi uliofuata. Watalii wengi hutoka humo bila kusikia habari za wanawake hao. Mwenye kutembezwa na amwulize kiongozi wake.

Mtu wa Meru ana sababu nyingine ya kutulia humo. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu walitoka kisiwa cha Mbwaa, walikotumikishwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, hata Koomenjoe akawaongoza kuvuka maji. Wataalamu hawapatani juu ya mahali hapo. Wengine wamekitaja kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Vyovyote iwavyo, mjukuu wa wazee hao atazamapo mkondo wa bahari kutoka juu ya ukuta, haangalii maji ya ugenini.

Waingereza waliifanya ngome kuwa jela tangu 1895. Neno lenyewe gereza, wasemavyo wataalamu wa lugha, limetokana na neno la Kireno la kanisa, na kanisa lilikuwamo humo ndani. Mwaka 1958 ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ndivyo ilivyokuwa Meru mjini pia, ambako jengo la ofisi ya D.C. wa zamani sasa ni makumbusho. Afadhali mtu alione hilo kwanza, maana nauli yake ni ndogo.

Mwenye kwenda Mombasa aingie ngomeni asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Aone michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno, na vyombo vilivyotolewa katika merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Merikebu hiyo ni mojawapo ya zile zilizoleta msaada kwa Bwana Daud.