KAMERA YA MTUMBA AU MPYA YA DUKANI?

(Maelezo ya mjumbe wa kamati ya miradi mbele ya wanachama na wageni, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa na sanduku letu, kufuli zake tatu, na washika funguo ambao bado wanasalimiana. (Kicheko.)

Kamati imenituma niseme habari ya kamera. Mtakumbuka mkutano uliopita ulipitisha mradi wa picha: harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, mahafali ya shule. Wapigaji tunao, ni mabinti zetu wawili waliokwisha kujifunza kazi. Kilichobaki ni chombo, na hapo ndipo tulipogawanyika. Wako wanaosema tununue mpya, yenye boksi na dhamana. Wako wanaosema tuchukue ya mtumba, ile wanayotumia wapiga picha wa kazi. Fedha yenyewe ni hisa za watu wanaoamka saa kumi usiku kukanda unga, kwa hiyo mniruhusu niende taratibu.

Ya dukani ni Canon EOS 2000D, aina iliyotoka mwaka 2018. Ya mtumba ni Canon EOS 5D Mark III, aina ya mwaka 2012. Bei tulizotajiwa zinakaribiana, lakini ya dukani inakuja na lenzi yake, na ya mtumba inakuja mwili mtupu. Lenzi ile ya dukani haiingii kwenye ile ya mtumba. Kwa hiyo anayesema mtumba ni rahisi, hesabu yake haijakamilika.

Kuna jambo la megapikseli ambalo limewasumbua wengi. Mpya ina 24.1, ya mtumba ina 22.3. Jamani, tofauti hiyo haionekani kwenye picha ya ukutani, sembuse kwenye simu. Kinachoonekana ni sensa. Siyo ile ya watu na makazi, nasema kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Cha 5D kina milimita 36 kwa 24. Cha 2000D kina milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kwamba cha mtumba kina eneo kubwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mvua inaponyesha, mama anayetega beseni na mama anayetega bakuli hawachoti sawa. Na sisi kumbi zetu mnazijua: saa tatu usiku, taa mbili za manjano, nyingine ya rangi rangi inazunguka, na bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Hapo kamera yenye bakuli hutoa picha yenye chengachenga, uso wa biarusi kama umenyunyiziwa mchanga.

Lakini hoja iliyonivuta mimi ni nyingine kabisa. Kamera ya 5D Mark III ina nafasi mbili za kadi, moja ya CF na moja ya SD, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Ile 2000D ina nafasi moja tu. Kadi hufa bila kuaga. Kadi ikifa kwenye mahafali utaomba radhi, ikifa kwenye ndoa utamwambia nini baba wa binti? Warudi msikitini au kanisani wafunge tena? Sisi wenyewe tangu mwanzo kila hisa tunaiandika mara mbili, kwenye daftari la katibu na kwenye kitabu cha mwanachama, na hakuna aliyewahi kusema tunapoteza wino.

Nitahadharishe pia kwamba si kila kuukuu ni dhahabu. 5D ya kwanza ya mwaka 2005 haichukui video hata kidogo. Mark II ya 2008 inachukua video, ila nafasi ya kadi ni moja. Akija mtu na hizo kwa bei ya kutupa, tumshukuru aende zake.

Sasa wanaotaka mpya nao wana haki yao. Ile 2000D ni nyepesi, haifiki nusu kilo na betri yake. Nyingine inakaribia kilo moja, na binti ataishika tangu asubuhi hadi keki ikatwe. Mpya inatuma picha kwenye simu bila waya, na siku hizi mteja anataka picha WhatsApp kabla hajavua viatu. 5D Mark III haina hiyo, itabidi tununue kisoma kadi. Na dhamana ni dhamana. Mtumba ukiharibika njiani kurudi nyumbani ni msiba wetu.

Ndiyo maana tusinunue kwa macho. Ndani ya kamera hii kuna kipazia kinachofunguka na kufunga kila picha, mafundi hukiita shata. Kiwanda kilikitengeneza kwa kipimo cha mara 150,000. Si ahadi, chaweza kufa mapema au kuzidisha. Idadi iliyotumika haionekani kwenye kioo cha nyuma. Fundi anaunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kuisoma kwa programu. Akisoma 70,000, zimebaki 80,000, na kwa picha 800 kila sherehe hizo ni sherehe 100. Akisoma zaidi ya 100,000, kamati inapendekeza tuache.

Vilevile tumulike tochi ndani ya nafasi ya kadi ya CF, kuna vipini vyembamba kama vya sindano, kimoja kikipinda ni balaa. Tupige picha ya ukuta mweupe tuone madoa. Na nambari iliyo chini ya kamera ifanane na ya kwenye risiti. Bila risiti hatununui, hata akiapa. Sitaki kikundi cha miaka kumi kiitwe kituoni kwa mali ya wizi.

Mapendekezo yangu basi: ya mtumba ikifaulu yote hayo tuichukue, na fedha iliyotengwa kwa printa tununulie lenzi mpya ya milimita 50 yenye f/1.8. Haivuti karibu wala mbali. Picha ya ukoo mzima binti atarudi nyuma mpaka agonge ukuta. Lakini ikifunguliwa yote inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya dukani ikivutwa mwisho. Printa itangoje, tutachapisha studio. Ikishindwa hata jaribio moja, twende dukani tukachukue 2000D.

Muuzaji ataileta Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi atakuwepo, na mabinti wote wawili waje na kadi zao. Hadi hapo hakuna shilingi itakayotoka sandukuni. Wenye maswali waniulize sasa, kabla pilau haijafika.