Nguzo Zilizosimamishwa Juu Chini

Maneno waliyoambiwa walimu na watu wa mitaa katika mkutano wa jubilei



Tumeombwa kunena juu ya shule za kazi za mikono, ambazo hapa Unguja huitwa mafunzo ya amali, na jinsi ya kuzifanya ziwe bora mwaka kwa mwaka. Tumeona yafaa tuanze kwa nguzo, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuziona.

Mgeni aingiaye Kanisa Kuu la Mkunazini huonyeshwa, upande wa magharibi, nguzo zilizosimamishwa juu chini. Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka wa 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Askofu Edward Steere. Husimuliwa ya kuwa nguzo zile ziliwekwa siku asipokuwapo, na aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Wageni hucheka, nasi hucheka pamoja nao. Lakini mwalimu wa ufundi asicheke upesi, bali aulize: Je, mafundi walikuwa wameonyeshwa kipi ni kichwa cha nguzo na kipi ni kitako? Ni nani aliyewekwa kuitazama kazi msimamizi asipokuwapo? Maswali haya hayamtafuti mwenye kosa ili aadhibiwe. Yanatafuta mlango ambao kosa lilipita, ili ufungwe.

Nasi tulipata kujifunza jambo hili kwa aibu yetu wenyewe. Katika shule moja tuliyofundisha, wanafunzi walitengeneza milango ya nyumba ya mtu. Ilipendeza, tukaisifu. Masika yalipofika milango ikavimba, haikufungika. Kiangazi kilipokuja ikapinda na kupasuka. Kwanza tuliwalaumu wanafunzi. Kisha tukaketi, tukauliza sababu. Kwa nini milango imepinda? Kwa kuwa mbao zilikuwa mbichi. Kwa nini zilikuwa mbichi? Kwa kuwa zilinunuliwa juma lile lile kazi ilipoanza. Kwa nini hazikununuliwa mapema? Kwa kuwa hatukuwa na banda la kuzianikia, wala hapakuwa na mtu aliyeagizwa kuzikagua. Basi kosa halikuwa mikononi mwa wanafunzi; lilikuwa mezani petu, sisi wakubwa. Tukajenga banda, tukazipanga mbao kwa vijiti katikati ili upepo upite, tukaandika katika daftari siku kila mbao ilipoingia. Milango iliyofuata ilifungika masika na kiangazi.

Hiyo ndiyo njia tunayoisifu kwenu, wala haihitaji fedha nyingi. Kwanza, shule na iandike wazi kazi njema ni ipi: kiungo cha mbao kiweje, ukuta unyoke kiasi gani. Mwanafunzi asikisie yaliyo moyoni mwa mwalimu. Pili, kazi itazamwe ingali wazi, kabla haijafunikwa. Kwa kuwa msingi ukiisha kufukiwa hakuna awezaye kuukagua. Tatu, kila kosa liandikwe pamoja na sababu yake, na dawa yake ijaribiwe, kisha itazamwe tena kama imefaa. Nne, mwalimu naye akaguliwe, asione haya. Tano, shule iwafuate waliotoka kwake, iwaulize wao na mabwana wao wa kazi: Tuliwafundisha nini kisichowafaa? Mlikosa nini mlichokihitaji? Mambo haya yakiisha, yanaanza tena, kama vile shamba lisivyopaliliwa mara moja tu.

Labda mtu atasema, Haya yote ni ya nini, maadamu kijana amepata cheti? Ndugu, tazameni Mji Mkongwe. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa na udongo, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa tena. Fundi asiyefundishwa akiupaka saruji ngumu, unyevu hukosa pa kutokea. Lipu hubanduka, ukuta hulegea ndani, na vichwa vya boriti huoza bila kuonekana. Kwa macho kazi ni nzuri, kumbe nyumba inakufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883, ilianguka wakati wa kutengenezwa, na watu wawili wakafariki. Hatuneni haya ili kumhukumu mtu yeyote. Twanena ili tukumbuke ya kuwa chini ya kuta za kale wamo watu, na kazi ya fundi ni amana ya roho zao.

Serikali ya Zanzibar imeweka Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na viko vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni; na Mbweni iko Taasisi ya Karume. Vijana wetu wamo humo. Lakini sheria na wakaguzi hawawezi kukaa karibu na kila benchi la seremala. Anayekaa hapo kila siku ni mwalimu. Na ninyi watu wa mitaa mnayo sehemu yenu: mkimpa kijana kazi, msimsifu kwa huruma mlango usiofungika. Mwambieni kweli kwa upole, mkaiambie na shule yake. Sifa ya uongo humnyima mtoto wa watu riziki yake ya kesho.

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nguzo za Mkunazini zingali zimesimama, na paa halijaanguka; kwa hiyo zimekuwa mwalimu mpole. Si kila kosa litatupa mwalimu wa namna hiyo. Basi na turudi kwenye karakana zetu, tufungue daftari, tuandike kosa la leo, na kesho tufanye vema zaidi.