Mabadiliko ya Tabianchi na Utulivu wa Nyoyo





Mabadiliko ya tabianchi huzungumzwa zaidi kwa hesabu za mvua, joto na kupanda kwa bahari. Hata hivyo, madhara yake hayakomei ufukweni wala shambani, bali huingia hadi nyoyoni mwa watu. Mwezi wa Juni, 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wa kuzitaka Serikali ziingize huduma za afya ya akili katika mipango ya kukabiliana na mabadiliko hayo.

Mfano wake uko hapa hapa Visiwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani aina ya kotonii, wenye bei kubwa zaidi, haustahimili maji yaliyozidi joto; hupauka, hulainika na kukatika. Mama aliyekuwa akisomesha watoto kwa mwani huo hukuta vigingi na kamba tupu. Kinachopotea hapo si fedha peke yake, bali pia heshima ya kujitegemea.

Kwa upande wa Pemba, maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mabonde ya mpunga. Mkulima aliyerithi bonde kwa wazee wake hulitazama likiharibika. Huzuni ya namna hiyo haina matanga, wala jirani haendi kumpa pole.

Dalili zake ni kukosa usingizi na hamu ya kula, hasira za haraka, kujitenga na wenzake wa barazani, na kukata tamaa. Zikidumu wiki mbili au zaidi, mhusika apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Isisemwe kwa pupa kuwa amerogwa au amepagawa. Dua na tiba havigombani.

Watumishi wa Serikali wana wajibu wa pekee katika jambo hili. Masheha na mabwana shamba ndio wanaofika mwanzo penye hasara. Afisa anayehesabu kamba zilizokatika na mapando ya mpunga yaliyokauka, aulize pia mwenyewe analalaje na nani yuko naye. Suala hilo halihitaji fungu la bajeti.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Wananchi wanaombwa wasione haya kusema yanayowasibu, na anayeambiwa asikilize.